Kava za kiwandani au ringi za sporti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari ya zamani

Injini ikishatulia na bodi ikishanyooka, swali linalobaki kwa mwenye gari la zamani ni la miguuni: abaki na kava za bati zilizokuja na gari, au atafute ringi za sporti, yaani za aloi? Majibu haya yameegemea zaidi Mercedes-Benz W123, Benzi la 1976 hadi 1986 ambalo bado linakutana nasi barabarani, kwa sababu kiwanda chenyewe kiliuza vyote viwili. Beetle, Corolla na Datsun zimo pia, na Wamarekani kidogo.

Mnaposema "kava za kiwandani" mna maana ya zipi?

Ziko za aina mbili. Kuna kava ndogo, kikombe kinachofunika habu (kitovu cha gurudumu) tu, au habu na nati zake, huku ringi ya chuma ikibaki wazi na rangi yake. Beetle ilikuja nayo. Halafu kuna kava nzima inayofika karibu na ukingo wa ringi. Ya W123 ni ya aina hii ya pili: duara la nje linang'aa, ndani pamepakwa rangi ya bodi, na katikati kuna nyota.

Wamarekani wana majina yao kwa ile ndogo. Huiita sahani ya mbwa kwa umbo lake, au kava ya ufukara, kwa kuwa ndiyo iliyokuja na gari la bei ya chini kabisa. Kinachochekesha ni kwamba baadhi ya magari yao makali zaidi yalitoka hivyo hivyo. Camaro za oda maalumu za COPO za 1969 zilikuwa na injini kubwa na kava ndogo za bati. Mnunuzi pesa yake aliitaka iende kwenye injini. Leo gari la namna hiyo likiwa na vikombe vyake hutisha kuliko lenye kromu tupu.

Basi ipi inafaa W123 yangu?

Kama ni 200D au 240D, baki na kava. 200D za mwanzo zilikuwa na nguvu farasi 55. Ringi pana hapo haziongezi chochote, zinakula mafuta na kulifanya stelingi liwe zito. Kama ni 280E au 280CE, ringi za Fuchs za inchi 14, aloi zilizouzwa na kiwanda chenyewe, zinalikaa vizuri, na wengi walizinunua hivyo zikiwa mpya. Katikati hapo, 230E na 300D, amua mwenyewe. Zingine zote, za inchi 17 na 18 zenye kromu ya kioo, kwetu hapana. Neno "wabenzi" lilitokana na nyota, si na ringi.

Nitajuaje gari langu lilitoka na nini?

Kila Mercedes ya wakati huo ina kadi ya takwimu yenye namba za nyongeza zilizoagizwa na mnunuzi wa kwanza. Tafuta 640: hiyo ni ringi za aloi. Isipokuwepo, gari lilitoka na chuma na kava. Kadi ikiwa imepotea, angalia tairi la akiba na mfuko wa zana. Gari lenye bolti fupi tupu na akiba ya chuma huenda halijawahi kuiona aloi.

Nimenunua ringi za Fuchs. Naweza kutumia bolti zilezile?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia. Bolti zote mbili ni M12x1.5 (unene mm 12, nyuzi zikiachana mm 1.5), kichwa ni cha spana namba 17, na ukizitazama juu juu ni ndugu. Tofauti ni urefu. Ya ringi ya chuma ina mguu wa takriban mm 22. Ya Fuchs ina karibu mm 40, kwa sababu aloi ni nene pale bolti inapokaa.

Ukifunga aloi kwa bolti fupi, zitashika nyuzi chache tu za habu. Utahisi zimekaza, torki (nguvu ya kukaza) itafika, na baada ya kilomita kadhaa za rafu nyuzi zinachomoka. Ukifanya kinyume chake, bolti ndefu kwenye ringi ya chuma, ncha inatokeza nyuma ya habu. Kwenye gurudumu la nyuma inakutana na viatu vya handibreki vilivyo ndani ya diski. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza kila gurudumu linapozunguka, na handibreki inayoshika ovyo.

Kipimo chake ni vidole. Weka ringi kwenye habu, ingiza bolti kwa mkono bila spana, uhesabu mizunguko kamili tangu iliposhika mpaka ilipogusa kiti chake. Kila mzunguko ni mm 1.5. Mizunguko 8 ni mm 12, sawa na unene wa bolti yenyewe, na hapo uko salama. Ukipata 4 au 5, gari lisitoke.

Kaza kwa Nm 100 hadi 110, kwa mfuatano wa nyota na si kwa kuzunguka duara, kisha rudia baada ya kilomita 50. Tairi la akiba likiwa la chuma, beba bolti 5 fupi kwenye buti. Pancha ya usiku porini huku una bolti ndefu tupu ni gari limesimama.

Na umbo la kiti cha bolti?

Linahusika kuliko urembo wote. Mercedes na Volkswagen hutumia kiti cha duara, kama sehemu ya mpira. Ringi nyingi za kununua dukani huhitaji koni ya pembe ya digrii 60. Koni ikikaa kwenye kiti cha duara inagusa kwa mstari mwembamba tu, nayo italegea. Pima hivi: paka wino wa kalamu nene kwenye kichwa cha bolti, kaza kwa mkono, ufungue. Wino ukifutika kwa ukanda mpana, viti vinaelewana. Ukifutika kwa mstari kama uzi, bolti si yake.

Corolla za zamani zina mtego wao: ringi zake za chuma hufungwa kwa nati za koni, lakini aloi nyingi za Toyota za miaka ya 1980 hufungwa kwa nati zenye shingo na wosha bapa. Hazibadilishani.

Fundi anasema ringi za Toyota zenye matundu matano zinaingia kwenye Benzi. Kweli?

Zinaonekana kuingia. Matundu ya Benzi yako kwenye duara la mm 112. Ya Toyota nyingi za matundu matano yako kwenye mm 114.3. Kwa gurudumu la matano unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha unazidisha kwa 1.701. Kwa Benzi utapata mm 65.8 kati ya jirani, kwa Toyota mm 67.2. Tofauti ni mm 1.4, ndiyo maana jicho linadanganyika na bolti mbili tatu zinaingia kwa kulazimishwa. Zilizobaki zinakaa upande, zinapinda kila gurudumu linapozunguka, na hukatika zikiwa zimechoka.

Tundu la katikati nalo linakataa. Habu ya W123 inahitaji karibu mm 66.6, ringi ya Toyota mara nyingi ina 60.1. Fundi wa leti akikuambia atalichonga lipanuke, ameshatibu lililo dogo na kuliacha kubwa. Ringi nyingi za Volkswagen, na baadhi ya Audi, zenye 5x112 (matundu matano kwenye duara la mm 112) zina tundu la 57.1, hivyo nazo hazipandi.

Kwa gari la bolti nne, hesabu ni rahisi: pima katikati hadi katikati ya matundu yanayotazamana.

ET ni nini, na kwa nini kila muuza ringi anaipuuza?

ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa ringi na uso unaoegemea habu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Ringi ya kawaida ya W123 ni 5½J x 14 ET30 (upana inchi 5½, kipenyo inchi 14), na Fuchs ni 6J x 14 ET30.

Ukileta ringi za W124, Benzi lililofuata W123, za inchi 15 zenye ET48 au 49, bolti zitakubali na tundu litakubali, lakini katikati ya gurudumu inasogea ndani karibu mm 19. Tairi litakaribia mno vyuma vya saspensheni ukikata kona. Ringi za W126, Benzi kubwa la wakati huo, za 7J x 15 ET25 zina nafuu: ukilinganisha na 5½J za chuma, ukingo wa ndani unaingia mm 14 na wa nje unatoka mm 24. Hapo angalia madigadi ya nyuma ukiwa na watu wanne na mizigo, si gari likiwa tupu gereji.

Wosha nene za kusogeza gurudumu zinatumika, ila kila milimita ya wosha ni milimita inayopungua kwenye nyuzi za bolti. Rudi kwenye kuhesabu mizunguko.

Inchi 15 au 16 zitaharibu usomaji wa spidi?

Si lazima. Kinachotawala ni kipenyo cha tairi zima. 195/70 R14 (upana mm 195, ukuta asilimia 70 ya upana, ringi ya inchi 14) ina kipenyo cha karibu mm 629. 205/60 R15 ni mm 627, 195/65 R15 ni karibu 635, na 205/55 R16 ni 632. Zote ziko jirani.

Kinachobadilika ni ukuta wa tairi. 195/70 R14 ina ukuta wa mm 136. 225/45 R17 ina 101. Hizo sentimita tatu na nusu ndizo zilizokuwa zinameza matuta ya barabara ya vumbi. Zikiondoka, kazi inahamia kwenye bushi, boljointi na ringi yenyewe. Kwa anayepita barabara za mashimo, chuma cha inchi 14 na tairi nene ni chaguo la akili: chuma kikipinda kinanyooshwa, aloi ikipasuka imepasuka.

Unaponunua matairi ya inchi 14, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Saizi ambazo hazitoki haraka hukaa dukani, na tairi lenye meno yote linaweza kuwa limeshazeeka.

Kava zangu zinadondoka. Tatizo ni nini?

Kwa kawaida si kava, ni ringi. Ringi iliyopinda hata kidogo pale springi za kava zinaposhika huifanya kava ipumue kila mzunguko mpaka iruke. Kabla ya kununua kava nyingine, inua gurudumu kwa jeki, simamisha bisibisi juu ya tofali ncha ikikaribia ukingo wa ringi, zungusha taratibu. Ncha ikikaribia na kuachana kwa zaidi ya mm 1.5, peleka ringi ikanyooshwe kwanza.

Ringi ikiwa sawa, angalia springi. Zilizolala zifungue nje kwa koleo mm 1 au 2, basi. Ukizidisha, kava haitaingia na utaipiga nyundo, na nyundo ndiyo inayozaa mibonyeo uliyoiona kwenye kava za mitumba. Kava huingia kwa kofi: egemeza upande mmoja, kisha gonga kwa kiganja au nyundo ya mpira ukizunguka ukingo. Katikati usiguse. Safisha pia tope lililokauka mahali springi zinaposhika.

Kuzifunga kwa zip tai au waya kunasaidia dhidi ya mashimo na dhidi ya vidokozi. Kumbuka tu kuweka kisu kwenye gari. Kuchonga namba ya gari upande wa ndani wa kava, kama watu wanavyofanya kwenye vioo vya pembeni, hakuharibu sura.

Nimekuta valvu imekatwa kando. Kava inahusika?

Sana. Kava nzima iliyolegea haisimami: ukishika breki na kuondoka inateleza kidogo kidogo juu ya ringi. Tundu la valvu kwenye kava linafika linaegemea shina la valvu, na ukingo wa bati unalikata kama kisu. Tairi la tyubu likikatwa hivyo linaishiwa upepo kwa ghafla. Kila unapofunga kava, anza kwa kulinganisha tundu na valvu, ndipo ugonge. Chora alama ya rangi ndogo kwenye kava na kwenye ringi. Baada ya wiki, alama zikiwa zimeachana, kava inatembea.

Nipake vipi rangi kava za W123?

Anza na rangi yenyewe. Kibati cha namba mbele, eneo la rejeta, kina namba ya rangi ya tarakimu tatu: 737 ni nyeupe ya kawaida, 623 ni rangi ya pembe ya ndovu iliyojulikana kwenye teksi za Ujerumani, 040 ni nyeusi. Lakini gari lililochomwa na jua miaka 40 halifanani tena na namba yake. Fungua kifuniko cha tanki la mafuta, mpelekee mchanganya rangi akilinganishe na upande wa nje wa kifuniko, si wa ndani ambao haukuona jua.

Osha kava kwa sabuni, toa mibonyeo kutoka nyuma ukiwa umeilaza juu ya mfuko wa mchanga. Funika duara linalong'aa kwa utepe wa karatasi, ukibonyeza ukingo kwa ukucha ili rangi isipenye. Piga msasa namba 320 kwa maji, umalizie 400. Mahali chuma kilipotokeza, weka praima ya kushika chuma kwanza, kisha praima ya kujaza koti mbili, msasa 600 au 800, na rangi ya hadina (dawa ya kuigandisha) koti mbili zikiachana dakika 10 hadi 15. Kava moja ina eneo la kupakwa la karibu mita ya mraba 0.07, kwa hiyo mililita 250 za rangi iliyokwisha kuchanganywa zinatosha nne na kubakiza ya makosa. Usikubali kuuziwa lita.

Utepe toa rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, ukiuvuta kwa pembe kali kuelekea nyuma. Ukiungoja mpaka kesho, ukingo unamenyeka na kubaki na meno, nayo ndiyo alama ya kava iliyopakwa mtaani. Nyota isipakwe.

Beetle ina tofauti gani?

Mpaka modeli ya 1965 kikombe chake kilivimba kama bakuli lililofunikwa. Baadaye kikawa bapa. Kwenye Beetle vibanio viko kwenye ringi, si kwenye kava, kwa hiyo ringi isiyo na vibanio haitashika kikombe hata kiwe kipya. Kukitoa kuna kulabu ya waya inayoingia kwenye tundu la ukingo. Ipitishie fimbo ya jeki, uvute. Bisibisi inakwangua rangi ya ringi na kupinda ukingo.

Za zamani zina bolti tano kwenye duara la mm 205, na hakuna ringi ya kawaida ya leo inayoingia hapo. Modeli za 1968 na kuendelea zina bolti nne kwenye mm 130. Wanaotaka ringi za Fuchs za Porsche 911, zile zilizotoka 1966 na 911S, wakumbuke zina matano kwenye 130: utahitaji adapta, inayosogeza gurudumu nje, au ngoma za breki zilizotobolewa upya. Ngoma ni bora. Ringi za zamani zisizo na nundu ya kushika tairi zibaki na tyubu, hata tairi likiandikwa halihitaji.

Zile pete za kromu za kuzungushia ringi zinapendeza siku ya harusi. Siku nyingine zote zinahifadhi maji na mchanga, na ukizivua baada ya mwaka utakuta kutu imechora duara kamili.

Corolla KE70 na Datsun 1200?

Zote ni 4x114.3, yaani matundu manne kwenye duara la mm 114.3. Ringi za magari madogo ya kisasa mara nyingi ni 4x100, hazifai. Hatari iko kwenye nati: Toyota ni M12x1.5, Nissan ni M12x1.25. Nati ya Toyota kwenye stadi (bolti iliyotokeza habuni) ya Datsun inaingia mizunguko miwili kisha inakwama, na kijana mwenye spana ndefu anamalizia kwa nguvu. Stadi imeshakwisha hapo. Nati isiyozunguka kwa vidole angalau mizunguko mitatu, itoe.

Nitazijuaje Fuchs za kweli, na ufa unachomelewa?

Za kweli zimefuliwa kwa kugandamizwa, hazikumiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana ni nyepesi na ngumu. Geuza nyuma: upana, ET na namba ya kipuri vimegongwa, na uso wake ni laini. Nakala za kumiminwa zina vinyweleo vidogo kwenye chuma, hasa nyuma ya mikono.

Ufa karibu na matundu ya bolti au kwenye mikono hauchomelewi, awe fundi gani. Joto linaua ugumu uliopatikana kwa kufuliwa, na pembeni ya weldi chuma kinabaki laini. Kuutafuta, osha ringi, paka dizeli, ifute ikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Dizeli iliyojificha kwenye ufa itatoka na kuchora mstari mweusi.

Ringi imenata kwenye habu, haitoki. Kwa nini?

Aloi na chuma vikikutana na maji ya chumvi vinalana, na kwa magari ya pwani hii ni kawaida. Rudisha bolti zote zikiwa zimelegea mzunguko mmoja, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma mita moja huku ukishika breki. Itaachia. Kisha safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na upake grisi ya shaba nyembamba kwenye duara la katikati tu. Nyuzi na viti vya bolti vibaki vikavu, kwani grisi hapo inaidanganya spana ya torki na utakaza kupita kiasi.

Gari la Kimarekani: nati za kushoto hazifunguki.

Geuza upande. Magari ya Chrysler, Dodge na Plymouth mpaka karibu 1970 yalikuwa na nyuzi za kinyume upande wa kushoto, kama Fuso ya mizigo. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi. Aliyeng'ang'ania kwa bomba la kurefusha spana anakata stadi nzuri.

Nikifunga aloi, kava na ringi za chuma niuze?

Weka seti nzima: ringi 5, kava 4, bolti fupi 20 pamoja na tano za akiba, kila kava imeviringishwa gazeti na kusimamishwa wima, si kulazwa moja juu ya nyingine, maana springi za ya juu zinakwangua rangi ya chini. Bolti zitie kwenye kopo lenye mafuta kidogo, uandike juu yake kwa rangi: CHUMA TU.